Kupiga Kambi, Kulala Nje na Kukesha: Maana za Kitenzi "Camp Out" na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri sentensi moja fupi ya Kiingereza, nayo ni hii: "The reporters camped out outside the hotel for two days." Sentensi yenyewe haina msamiati mgumu, na hapana mwanafunzi aliyewahi kuniuliza maana ya neno lolote lililomo. Hata hivyo, tafsiri ninazoletewa hunipa taabu kubwa kuzisahihisha. Wengi huandika kwamba waandishi wa habari "walipiga kambi nje nje ya hoteli kwa siku mbili". Wengine, wakiona hizo "nje" mbili zimegongana, huiondoa moja bila ya kujiuliza ni ipi waliyoiondoa. Wachache huandika "walilala nje ya hoteli". Na yuko mmoja, kijana mwenye bidii ambaye hakuwa mvivu wa kufikiri, aliyeandika kwamba waandishi hao "walitolewa kambini".

Makosa haya si ya uzembe, wala hayatokani na uchache wa Kiingereza cha wanafunzi. Yanatokana na imani ambayo hata sisi walimu tunayo, yaani kwamba kila kijineno cha Kiingereza kina mwenzake katika Kiswahili, na kwamba mwenzake "out" ni "nje". Makala haya yanakusudia kukichunguza kitenzi "camp out" katika matumizi yake mbalimbali, na kuonyesha kwamba kazi inayofanywa na kijineno hicho, Kiswahili huifanya kwa njia nyingine kabisa: kwa uteuzi wa kitenzi chenyewe na kwa mnyambuliko wake. Zaidi ya hayo, Kiswahili humlazimisha mfasiri ajibu maswali ambayo Kiingereza humruhusu ayakwepe. Walikaa pale mchana au usiku? Walikuwa na hema au hawakuwa nalo? Na je, walikwenda kwa hiari yao? Swali hili la mwisho, kama tutakavyoona, si la darasani peke yake.

Yafaa kwanza tulitazame neno "camp" lenyewe. Asili yake ni Kilatini "campus", yaani uwanja au eneo tambarare, na lilipitia Kiitaliano na Kifaransa kabla ya kuingia katika Kiingereza katika karne ya 16. Lilikuwa neno la askari. Uwanja ulikuwa mahali pa jeshi kukusanyika, kufanya mazoezi na kupigana. Kisha jina likawa la mahali pa jeshi kulala. Katika ukoo huo huo limo neno "campaign", ambalo kabla ya kuwa la wanasiasa lilikuwa la vita vya msimu mmoja, na "decamp", ambalo hapo awali lilikuwa kung'oa kambi na leo, aghalabu, ni kutoroka kimyakimya, hasa na mali ya mtu.

Kulala hemani kwa ajili ya burudani ni jambo la juzi tu. Thomas Hiram Holding, fundi cherehani wa Kiingereza aliyependa kusafiri kwa baiskeli, alianzisha mwaka 1901 chama cha wapanda baiskeli waliopenda kulala mahemani, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha mwongozo wa shughuli hiyo. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1907, Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, akawafunza kuishi hemani, na kutokana na jaribio hilo uskauti ukazaliwa. Wasomaji wetu hawana haja ya kuambiwa kwamba mzee huyo alifariki Nyeri mwaka 1941 na kwamba kaburi lake lipo huko. Basi tangu wakati huo Waingereza wamekuwa na namna mbili za kusema: "go camping", ambayo ni kwenda kutembea na kulala mahemani, na "camp out", ambayo hutia mkazo katika kukosekana kwa paa. Anayekwenda "camping" huenda akalala katika gari lenye kitanda na jiko. Asemaye kwamba ame-"camp out" anataka tujue kwamba alilala chini ya mbingu, au karibu na hivyo. (Mzee mmoja wa kwetu, ambaye utotoni alilala porini na ng'ombe kwa miezi mingi, aliwahi kuniuliza watu wenye nyumba za mawe hutafuta nini msituni. Sikuwa na jibu la kumridhisha.)

Kwa upande wa Kiswahili, "kambi" si neno geni hata kidogo. Wako wanaodhani kwamba lilikuja na utawala wa Mwingereza. Dhana hiyo haisimami. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1857 na 1859, alilitumia mara nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1860, akiliandika kwa hijai za "khambi", kuwa ni jina la maboma ya miti na nyasi ambamo misafara ililala. Huko ni zaidi ya miaka 30 kabla ya kutangazwa kwa himaya ya Uingereza nchini Kenya mwaka 1895. Neno hilo lilikuwa limekwisha zoeleka midomoni mwa wapagazi wa njia ya Unyamwezi. Pamoja na "kambi", misafara ilikuwa na kitenzi "kutua", yaani kuushusha mzigo kichwani au begani, na mahali pa kufanyia hivyo paliitwa "kituo". Leo twasema kituo cha polisi na kituo cha mabasi bila ya kukumbuka mgongo wa mpagazi.

Wavuvi nao wana neno lao, "dago", ambalo mahali pengine husikika "ago". Dago ni makao ya muda ya wavuvi walio mbali na kwao, penye vibanda vya makuti na moto wa kupikia, wanapokaa kwa majuma au miezi wakifuata samaki. Wavuvi wa Pemba, mathalani, wamekuwa kwa miaka mingi wakivuka wakati wa kaskazi na kuja kuvua pwani ya Kenya, nao husema wamekwenda dago. Kati ya maneno yote tuliyo nayo, sidhani kama lipo lililo karibu zaidi na "camp out" katika maana yake ya msingi: mtu ametoka nyumbani kwake, anaishi maisha ya kujishikiza, ana kazi iliyomleta, na akiimaliza atarudi. Inasikitisha kwamba neno hili halifundishwi shuleni, na mwanafunzi wa bara hukutana nalo chuo kikuu kana kwamba ni la lugha nyingine.

Ama kuhusu "kupiga kambi", muundo wake ni ule wa "kupiga hema", "kupiga pasi" na "kupiga simu", ambamo kitenzi hakina uzito wake wa kawaida na maana hubebwa na nomino. Hapa kuna mtego ambao haujatajwa vya kutosha katika vitabu vya tafsiri. Kiingereza husema "pitch camp" kwa kuisimamisha kambi, na "strike camp" kwa kuing'oa. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kwamba "strike" ni kupiga huona mbele yake maneno mawili yanayolingana sawasawa, akaandika "walipiga kambi" kwa furaha. Kumbe amelisimamisha jeshi mahali ambapo mwandishi amelivunja! Nimeliona kosa hili katika tafsiri ya hadithi moja ya safari, ambamo wasafiri walipiga kambi alfajiri, wakaendelea na safari mara moja, na msomaji akaachwa ajiulize hema walilisimamisha la nini. Neno la Kiswahili hapo ni kung'oa au kuvunja kambi, na kwa waliokuwa baharini, kung'oa nanga.

Sasa turejee kwenye "out". Nilipofika Uingereza kwa masomo ya shahada ya pili, chumba nilichoahidiwa kilikuwa hakijawa tayari. Mwenyeji wangu, mama mmoja mkarimu sana, akaniambia kwamba ningeweza ku-"camp out" sebuleni kwake kwa juma moja. Nililifahamu neno "sebule" alivyolisema, na nililifahamu neno "kambi", lakini sikuona vipi yangekutana. Kesho yake nilikwenda dukani kuuliza bei ya hema. Nilikuwa nimekwisha fundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka miwili.

Kisa hiki, mbali na kunivunjia heshima, ni ushahidi mzuri wa kiisimu. Ikiwa mtu aweza ku-"camp out" ndani ya sebule, karibu na moto, juu ya zulia, basi "out" haiwezi kuwa "nje" kwa maana ya upande wa pili wa mlango. Ni nje ya nini, basi? Naona ni nje ya utaratibu wa makao: nje ya kitanda chako, jiko lako, na saa zako za kula na kulala. Mwenye hema msituni yu nje ya utaratibu huo. Mgeni aliyelala kochini yu nje ya utaratibu huo. Na mwandishi wa habari aliyejikunyata ndani ya gari lake mbele ya hoteli, ingawa ana paa juu ya kichwa, naye yu nje ya utaratibu huo. Kijineno kimeanza kwa kutaja mahali, kikaishia kutaja hali. Twakiona kikifanya safari kama hiyo katika "eat out", ambapo mlaji huwa ndani ya mkahawa, na katika "wait out" na "hold out", ambamo mahali pamepotea kabisa na kimebaki kitendo cha kustahimili hadi mwisho. Katika maana ya tatu ya "camp out", ile ya waandishi wetu, ladha hii ya kustahimili ndiyo inayotawala: kukaa mahali pamoja kwa ukaidi hadi jambo fulani litokee.

Kisarufi, kitenzi hiki ni kisoelekezi. Hakina yambwa, hakikubali kauli ya kutendwa, na nguvu zake zote huenda kwenye mahali na muda. (Msomaji asikichanganye na "camp it up", ambacho ni cha jukwaani, cha kutia madoido na kujishaua kupita kiasi, na ambacho hakina uhusiano na mahema.) Kiingereza cha magazetini mwetu aghalabu huliangusha neno "out" na kusema tu kwamba waziri "camped" Kisii kwa siku tatu. Huenda ni athari ya "kupiga kambi" yetu, ambayo katika taarifa za habari imekwisha panuka vya kutosha: timu ya taifa hupiga kambi kabla ya mashindano, mgombea hupiga kambi katika eneo la mpinzani wake, na mdai hupiga kambi mlangoni mwa mdaiwa. Hatuna sababu ya kuuonea haya upanuzi huu.

Lakini "kupiga kambi" haitoshi mahali pote. Tuchukue maana ya kwanza. Watoto wa jirani wamelala katika hema uani. Mfasiri akiandika "walilala nje", amezua balaa, kwa sababu katika Kiswahili cha watu wengi kulala nje ni ama kukosa makao, ama, kwa mtu mwenye ndoa, jambo ambalo huwaleta wazee wa pande mbili kwenye kikao. Afadhali "walilala hemani". Katika maana ya pili, ile ya sebuleni, kambi haifai kabisa. Kiswahili kina "kujishikiza": "Nimejishikiza kwa rafiki yangu mpaka nipate nyumba." Tazama jinsi neno hili lilivyoundwa. Kushika ni kukamata. Kushikiza ni kukifanya kitu kishike kwa muda tu, kama fundi anavyolishikiza pindo kabla ya kulishona. Na kiambishi cha kujirejea hukigeuza kitendo kimrudie mtendaji. Umuda wote ambao Kiingereza huutafuta katika "camp out", Kiswahili kimeutia ndani ya silabi mbili za mnyambuliko. Hapana kijineno kilichohitajika.

Katika maana ya tatu utajiri unazidi. Hapa Kiswahili hugawa saa 24 sehemu mbili, na kila sehemu ina kitenzi chake: kushinda ni kwa mchana, kukesha ni kwa usiku. Hatuna kitenzi kimoja cha kawaida cha "kukaa bila kujali ni mchana au usiku" chenye uzito huo. Kiingereza chaweza kutuambia kwamba watu wali-"camp out" kwa siku mbili nasi tusijue kama walirudi kwao kulala. Mswahili atauliza. Tena akitumia kauli ya kutendea, aliyekusudiwa huingia ndani ya kitenzi: wadai "wamemkalia" mlangoni, mama "amemkeshea" mtoto mgonjwa. Na ikiwa waliokaa wana nia mbaya au ya siri, viko "kuotea" na "kuvizia". Ikiwa hawana nia ila hawaondoki, "wametia nanga". Kwa hiyo sentensi yangu ya darasani huweza kuwa "Waandishi wa habari walishinda na kukesha mbele ya hoteli kwa siku mbili", na iwapo hawakulala pale, "walishinda" inatosha. "Walipiga kambi nje ya hoteli" ni tafsiri inayokubalika, na hiyo "nje" ni ya "outside", si ya "out".

Huenda msomaji akaona haya ni mambo ya walimu. Basi na aitazame Marekani, ambako maana ya neno hili imefikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya nchi zaidi ya mara moja. Mwaka 1984 mahakama hiyo iliamua kesi iliyohusu watetezi wa watu wasio na makao. Hao walikuwa wameruhusiwa kusimamisha mahema ya ishara katika viwanja vya umma mjini Washington, mbele ya ikulu, lakini walikatazwa kulala ndani yake, kwa kuwa kulala kungeyageuza maandamano kuwa "camping". Majaji saba dhidi ya wawili walilikubali katazo hilo. Hema bila usingizi lilikuwa kauli. Hema lenye usingizi lilikuwa kosa. Mwezi wa Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, jimboni Oregon, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba kuwaadhibu watu kwa kupiga kambi mahali pa umma si adhabu ya kikatili iliyokatazwa na katiba, hata kama watu hao hawana pengine pa kulala. Sheria ya mji huo ilihesabu kuwa kambi mahali popote palipowekwa matandiko kwa nia ya kupafanya makao ya muda. Blanketi moja latosha. Mfasiri atakayeandika kwa Kiswahili kwamba watu hao "walipiga kambi" atakuwa amelifuata neno la sheria, lakini msomaji wake ataona watalii. Akiandika "walilala nje", ataona maskini. Hapana neno lisiloegemea upande.

Hapa kwetu mifano iko karibu zaidi. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walikwenda katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakaketi, wakafunga kula na kudai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwatimua kwa mabomu ya machozi na virungu, na baadhi ya akina mama hao wakavua nguo zao. Baadaye walikaa katika kanisa kuu la All Saints kwa karibu mwaka mzima. Vitabu vya Kiingereza husema wali-"camp out". Nimewahi kumsikia mtangazaji akisema kwa Kiswahili kwamba "walipiga kambi", na si kosa, kwani walikwenda kwa hiari yao na kwa azimio. Lakini mimi ningesema walikesha. Neno hilo hukesha na wafiwa na wauguzi pia, na akina mama wale walikuwa na sehemu ya hali zote mbili.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengi walikusanyika katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru na Eldoret, chini ya maturubali. Mwezi wa Mei 2008 serikali ilianzisha mpango wa kuwarudisha, ikauita kwa Kiswahili Operesheni Rudi Nyumbani. Taarifa kadhaa za habari za wakati ule zilisema kwamba wakimbizi hao wa ndani "wamepiga kambi" uwanjani. Sasa "kupiga" katika muundo huu, ingawa kitenzi hakina uzito, kina mtendaji. Timu hupiga kambi ikitaka. Mwanasiasa hupiga kambi akiwa na lake. Kumwambia mtu aliyechomewa nyumba kwamba amepiga kambi ni kumpa hiari ambayo hakuwa nayo, na kutoka hapo si mbali kumwuliza mbona haondoki. Kiingereza kina kosa hilo hilo, lakini kijineno chake hulificha. Kiswahili hakilifichi.

Nilikuwa sijaliona jambo hili kwa uwazi hadi muhula uliopita, nilipowapa wanafunzi aya ya Kiingereza kuhusu viwanja hivyo. Nami, kama nifanyavyo mara kwa mara, niliwasomea kwanza tafsiri yangu, ambayo ilikuwa na "walipiga kambi". Binti mmoja, ambaye sikujua kwamba alikaa Nakuru kwa miezi saba akiwa mtoto mdogo, aliandika "waliwekwa kambini" na pembeni ya karatasi akaongeza kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, kambi hatukuipiga sisi." Nilimpa alama zote za swali hilo, kisha nikaichukua tafsiri yangu na kuisahihisha.